Zimwi la Vipande Saba vya Samaki

Manmatha Lahiri alipokuwa hai hakuna aliyemsikiliza hata akiomba chumvi. Alipotimiza miaka tisini ya kuzaliwa, kumi na miwili ya mwisho akiwa ameitumia kuwa marehemu, nusu ya mtaa wa Bhowanipur ilikuja kumsifu.

Ukumbi wa klabu ya mtaa ulijaa. Picha yake ilikuwa mezani, imevishwa shada la maua meupe, madoa ya msandali kwenye paji la uso, na macho yake, kama macho ya wageni wote, yalielekea maboksi ya sambusa za shingara na vitamu vya maziwa vya sondeshi yaliyopangwa karibu na mlango. Mwenyekiti wa shughuli alikuwa Bwana Pakrashi, aliyekwisha kuwatolea hotuba marehemu wote wa mtaa ule na kuwarekebishia tabia. Kwa mdomo wa Pakrashi mlevi hugeuka mcheshi, bahili akawa mtu wa kiasi, na Manmatha, ambaye maisha yake yote alikaa barazani akicheza karata, akawa "mtu wa watu".

Mjane wake, Binapani, miaka themanini na mmoja, alikalishwa mstari wa mbele ndani ya sari nyeupe iliyopigwa pasi ikakakamaa kama bati. Alipewa maagizo mawili: akae, na shada likivishwa alie kidogo. La kwanza alilitii. La pili alilimaliza kwa kupenga kamasi. Kilio chenyewe alimwachia wifi yake Tarulata, dada wa marehemu, aliyeketi ubavuni mwake na leso tatu, kwa kuwa yule alikuwa na kipaji hicho tangu utotoni.

Ndipo akainuka mwanawe wa pekee, Profesa Sukomal Lahiri, akashika kipaza sauti kwa mapenzi. Siku hiyo alikuwa akizindua kitabu chake kipya, *Baba na Zimwi*, na nakala mia mbili zilikuwa mezani zikisubiri wanunuzi.

"Ndugu waalikwa," alianza, "kila mtu ana urithi wake. Wengine hurithi mashamba. Mimi nilirithi sauti. Kila siku kabla sijalala, baba aliingia ndani ya chandarua, kitabu mkononi, akanisomea hadithi. Mama yangu, Mungu ampe umri mrefu, alikuwa na shughuli zake za jikoni."

Binapani alikuwa ameanza kusinzia, maana hotuba za mwanawe zilimlaza kuliko vidonge vya daktari. Hilo la jikoni lilimfungua jicho moja.

"Kulikuwa na zimwi jike," Profesa akaendelea, "lenye jino moja jeusi, linalokaa juu ya sufuria likihesabu vipande vya samaki. Nisikilizeni vizuri. Zimwi hili halimo katika chapa yoyote ya kitabu kile cha mazimwi! Nimelitafuta Dhaka. Nimelitafuta London. Miaka ishirini na mitatu! Baba yangu alikuwa na nakala ya chapa iliyopotea duniani, na akanisomea mimi, kwa sauti yake nzito ya kiume, nisiyoweza kuisahau."

Makofi yakapigwa. Jicho la pili la Binapani likafunguka.

"Wifi," alinong'ona, "amesema samaki?"

"Vipande saba," Tarulata akajibu, akibadilisha leso. "Nyamaza basi, mtoto anazungumza vizuri."

Binapani alijua kwamba mwanawe anaandika mambo. Kila alipouliza ni mambo gani, aliambiwa, "Utafiti, Mama," kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mtoto "usiguse". Basi huu ndio ulikuwa utafiti wenyewe.

Aliingia nyumba ya akina Lahiri ana miaka kumi na minane, akamkuta mama mkwe anayetembea na bunda la funguo kwenye pindo la sari, mdomo mwekundu kwa tambuu, na jino moja la mbele jeusi kama mbegu ya papai. Mama mkwe yule aliweza kuhesabu vipande vya samaki sufuriani akiwa amefumba macho. Kichwa cha samaki kilikwenda kwa mwana, mnofu wa tumboni kwa wageni, na bibi harusi akapewa mkia, siku zote mkia, na juu ya mkia maneno. Kumjibu mama mkwe ilikuwa haiwezekani. Lakini kulikuwa na kitabu cha mazimwi kisicho na jalada, na kulikuwa na mtoto wa kulaza. Binapani alisoma ukurasa mmoja wa kitabuni na kurasa mbili za moyoni mwake. Zimwi alimtolea sauti ya koo, nzito, ya kukwaruza. Alimpiga, alimchemsha, alimtumbukiza mtoni mara tatu kwa wiki, kisha akatoka kwenda kumkanda mama mkwe miguu.

Saa moja kwa siku, basi. Kila kitu kingine alikitoa bila kunung'unika: bangili zake zilivaliwa na Tarulata siku ya kuolewa, jina lake lilimezwa na "mama Ghontu", kwa jina la utotoni la mwanawe, na ujana wake uliishia kwenye jiko la makaa. Kama wangeita barabara kwa jina la Manmatha, angetia saini. Ila saa ile ya ndani ya chandarua ilikuwa yake, na sasa mwanawe alikuwa anaigawa mbele ya watu, kwa mtu ambaye hata kitabu kilikaa rafu gani hakujua.

Akasimama. Sari ikalia kama karatasi.

"Ghontu," aliita.

Ukumbi ukacheka chinichini. Wanafunzi wa Profesa waliokaa nyuma hawakuwahi kujua kama yeye ni Ghontu.

"Mama, kaa tafadhali."

"Aliyekusomea ni mimi."

Pakrashi akawahi kuinuka. "Bila shaka, dada yetu, mama ndiye mwalimu wa kwanza, sote tunakubali, kwa maana pana ya—"

"Sina maana pana, Bwana Pakrashi. Nilisoma mimi, kwa mdomo huu. Baba yake saa hiyo alikuwa barazani na wewe, mkipindua serikali na karata mkononi. Au umesahau kwamba chai nilikuwa nawaletea?"

Pakrashi akakaa. Profesa akatabasamu, tabasamu la kuwaomba radhi wageni. "Mama amechoka. Umri, mnaelewa. Kumbukumbu huanza kuchanganyika."

Hapo ndipo alipokosea. Binapani angeweza kuvumilia kudhulumiwa, kazi aliyokuwa na uzoefu nayo. Kuitwa mzee aliyechanganyikiwa ilikuwa kazi mpya.

"Kumbukumbu yangu ni nzima, mwanangu. Nakumbuka ulikuwa unajikojolea tukifika kipande cha sita. Na godoro nililianika mimi, si baba yako." Akageukia watu, akavuta pumzi, na kutoka katika kifua kile chembamba ikatoka sauti nzito, ya koo, ya kukwaruza: "Mojaaa… mbiliii… tatuuu… nani kagusa sufuria yangu? Nanusa vidole vya mwana wa watu!"

Mtoto mmoja mstari wa tatu alipiga yowe. Profesa aliweka mkono mezani kujishikilia. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa na miaka mitano.

"Ni kuigiza tu," alisema, lakini kwa sauti iliyopungua. "Mama ameisikia kwa baba."

"Mwongo we!" Huyo sasa alikuwa Tarulata, leso zote chini. "Kaka alisoma lini? Kaka hakusoma hata bei za sokoni! Mimi nililala upande wa pili wa kiambaza cha mbao, nina miaka kumi na minne, nimebandika sikio kwenye ubao kila siku ya Mungu. Ni Wifi huyu huyu! Hadithi ile nimewasimulia wanangu, nikawasimulia wajukuu. Zimwi lenye jino jeusi, lenye funguo zinazolia pindoni, linalotema tambuu, linalohesabu sama—"

Ukumbi mzima ulimtazama akifikiri, na si jambo ambalo watu walilizoea.

"Wifi," akasema polepole. "Funguo pindoni?"

Binapani alitazama dari.

"Jino jeusi? Vipande saba? Wifi! Yule ni mama yangu!"

"Nilimbadilisha kidogo. Mama yako hakuwa na mkia."

"Umemchemsha mama yangu!"

"Mara moja kwa wiki tu. Jumanne nilimpumzisha, alikuwa anafunga."

"Na mimi nimewatisha wajukuu zangu kwa bibi yao mzaa bibi! Mdogo hataki kula samaki mpaka leo!" Tarulata alipiga paja, akatafuta leso ya kulilia, hakuiona, na katika kuinama kuitafuta kitu kikamponyoka ambacho mwanzo kilisikika kama kwikwi. Alipoinua kichwa machozi yalikuwa yanamtoka kweli, safari hii kwa kicheko. "Lakini alikuwa anahesabu kweli, Wifi. Ee Mungu nisamehe. Hata mimi binti yake alininusa vidole."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wazee walicheka hadi meno ya bandia yakahatarishwa. Mtu mmoja alipaza sauti, "Endelea, mama Ghontu, cha nne kililiwa na nani?" Wengine wakaitikia, na wale waliokwisha kukaribia maboksi ya shingara wakarudi vitini, jambo ambalo hotuba ya Pakrashi haikuwahi kulipata.

Profesa alishuka jukwaani, akainama karibu na sikio la mama yake.

"Makala tatu, Mama," alisema. "Kitabu kizima. Chapa iliyopotea."

"Haijapotea. Imekaa hapa tangu saa kumi. Hukuwahi kuiuliza."

"Na yule mwana wa mfalme mpumbavu, anayevaa nguo za kukodi na kupenda kusifiwa? Nimemwandikia sura mbili. Huyo je, alikuwemo kitabuni?"

"Huyo alikuwa Bwana Pakrashi."

Profesa alitazama picha iliyokuwa mezani, shada limelegea kidogo upande mmoja.

"Na baba? Baba alikuwa nani katika hadithi?"

Binapani naye aliitazama picha, bila chuki.

"Baba yako sikumtia, Ghontu. Nilitia watu waliokuwepo nyumbani."

Wageni walikuwa wanapiga makofi ya kudai hadithi. Profesa alipanda tena jukwaani, akanyoosha koti, akakohoa kidogo jinsi wasomi wanavyokohoa wakitaka kusalimu amri bila kuonekana.

"Ndugu waalikwa," alisema, "kabla hamjanunua nakala zenu, naomba kuwaarifu kwamba aliyenisomea ni mama yangu. Kwenye jalada limeingia kosa dogo la uchapaji."

Binapani alikuwa amekwisha kupanda ngazi zote tatu, kaja kumpokonya kipaza sauti.

"Dogo?" alimwuliza, na ukumbi mzima ukasikia.