Shukrani za Fundi Cherehani

Mama Pasi, aliyebatizwa jina hilo kwa miaka aliyopiga pasi mashuka ya hospitali, hakuwa mtu wa kuchezea hela. Alipostaafu, wenzake walifungua vibanda na kufuga kuku. Yeye alipeleka kiinua mgongo chake kwenye kampuni inayowakopesha wenye biashara ndogondogo. Kampuni inakopesha, wewe unapata faida kila mwezi. "Pesa yako inasaidia watu huku umekaa," walimwambia, na neno hilo lilimkaa moyoni kuliko faida yenyewe.

Siku moja afisa mikopo akawachukua yeye na wawekezaji wenzake kwenda kuwaona wakopaji. Mama Pasi akavaa gauni la harusini. Wakafikishwa kwa fundi cherehani, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, chumba kimoja cha kushonea na kulala. Viti aliazima kwa majirani. Akawapigia magoti: "Asanteni, mama zangu. Mungu awazidishie."

Kichwa kikamvimba Mama Pasi. "Mwanangu, siri ya maendeleo ni kujibana," akasema kwa sauti ya mkutano. "Unachopata usikile chote. Weka akiba."

"Ndiyo, mama," fundi akajibu, macho chini.

Pembeni, mama mkwe wake fundi alikuwa akifumua mshono. Akacheka kicheko kikavu. "Akiba ipi? Anachoshona wiki nzima kinakwenda kwenu. Kinachobaki ni cha kununulia mafuta ya cherehani."

"Mama!" Fundi akamkatiza, akimwangalia afisa kwa woga.

Uso ukamshuka Mama Pasi. Kula faida alijua. Inakotoka hakuwahi kuuliza.

Kesho yake akaenda ofisini kudai pesa zake. "Mpaka mkataba uishe, mama," afisa akamjibu kwa upole. "Na hata ukizitoa, deni la yule liko palepale."

Basi akanunua kitambaa, akampelekea fundi, akijiambia atamlipa vizuri na kumtaka radhi. Fundi kumwona tu, akasukuma kando nguo ya mteja mwingine, akaanza kumpima.

Alipofuata gauni lake akauliza, "Kiasi gani, mwanangu?"

"Kwako bure, mama."

"Bure vipi? Hii ni kazi yako!"

"Mama, nisamehe yale maneno ya mama mkwe. Ni uzee tu. Wiki hii nitalipa mapema, usimwambie afisa."

Mama Pasi alikuja kuomba msamaha, na sasa ndiye aliyekuwa akiombwa. Akaziacha pesa juu ya cherehani, akatoka. Fundi akamkimbilia hadi barabarani, mtoto akirukaruka mgongoni, akazirudisha mkobani mwake kwa mikono miwili, watu wakitazama.

Gauni lile hakulivaa hata siku moja.

Mwezi uliofuata alimtuma mkamwana wake na kitambaa cha mapazia. "Usiseme nani kakutuma."

Mkamwana akarudi amenuna. "Yule fundi mkali! Nimembembeleza weee, hapunguzi hata senti."

"Mlipe tu. Na mashuka mpelekee akunje pindo."

"Sasa mama, si uende mwenyewe? Hata si mbali."

"Miguu inaniuma," Mama Pasi akasema, akainamia sufuria alilokwisha kulisugua.