Nguo Zinazokwenda Mlangoni

Asubuhi ile Bhikha alichuchumaa mbele ya lango la kiwanda cha Navnit cha kutia rangi vitambaa, kapu la vyombo vya chuma ubavuni, akainua sari ya kwanza juani kutafuta matundu. Ndivyo inavyofanywa. Nguo kuukuu huvutwa pembe mbili, ikaelekezwa kwenye jua, na jua ndilo husema palipopasuka. Mlinzi wa lango, Ranchod, alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akitafuna tambuu, macho yakiwa kwenye ndoo mpya iliyomo kapuni.

Katika jamii ya Bhikha, kazi ya kwenda mlango kwa mlango na vyombo, ukabadilishana kwa nguo zilizochakaa, ni ya wanawake. Mwanamke wa Kigujarati hamfungulii mwanamume asiyemjua kabati lake. Mume hubaki nyumbani na cherehani, akazigeuza hizo nguo kuwa mito, mifuko, mapazia na mavazi ya wachezaji. Kanku, mkewe, ndiye aliyekuwa na mdomo wa biashara. Kisha wakubwa wa jiji wakalivunja soko la nguo kuukuu kwa tingatinga ili watu wenye viatu vya kukimbilia wapate bustani ya kukimbilia, na Kanku akaliweka kapu chini akaenda kuajiriwa kwa Navnit.

Kiwanda kiliungua ghorofa ya juu siku ya Uttarayan, mji mzima ukiwa juu ya mapaa unarusha tiara. Wanawake walikuwa wameitwa kazini kwa sababu mzigo wa ng'ambo ulikuwa umechelewa. Serikali ilisema jengo lilikuwa tupu, kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu na sheria hairuhusu kazi siku ya sikukuu. Jivu lilizolewa na lori la kiwanda kabla afisa hajafika. Afisa alipofika alikuta sakafu imefagiwa, akausifu usafi. Diwani Harshad alitia sahihi kwamba ndani hamkuwa na mtu. Wanawake wasioonekana, walisema, wamekwenda kwao vijijini. Bhikha aliambiwa hivyo na watu watatu wenye kalamu mfukoni. Kanku hakuwa na kijiji. Alizaliwa nyuma ya kituo cha treni, umbali wa kutupa jiwe.

"Zote hizi nipe ndoo," alisema Ranchod. "Zimetundikwa tu hapo chumbani kwangu tangu wakati ule. Mwenye mali kasema niondoe."

Bhikha alijua chumba hicho. Wanawake wa kiwanda hufika kazini na sari za heshima, wakazitundika kwenye misumari chumbani kwa mlinzi, wakavaa matambara ya kazi, maana rangi haitoki. Jioni huvaa tena za heshima wakarudi nyumbani kama watu.

Akainua ya pili. Akainua ya tatu. Ilikuwa ya zambarau, na pembeni ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa njano, kwa sababu siku ile uzi wa zambarau ulikuwa umekwisha na mshonaji alikuwa Bhikha mwenyewe.

Mtu wa kazi hii akionyesha kuitaka nguo, amekwisha. Hilo hufundishwa mtoto kabla ya kufundishwa kuhesabu, na hukaa mdomoni, si moyoni. Bhikha aliivuta sari ya mkewe pembe mbili, akaitazama juani.

"Hii nayo imejifia," alisema. "Ona hapa. Kashona kipofu."

"Kushonwa si kupasuka, kaka."

"Imepauka pia. Hii ni ya kufutia baiskeli."

"Basi ongeza bakuli tusipotezeane asubuhi."

"Bakuli kwa matambara haya? Ranchodbhai, tambuu imekupanda kichwani."

Waliendelea hivyo. Mwishoni Ranchod alichukua ndoo bila bakuli, na Bhikha akaondoka na sari zote zilizokuwa kwenye misumari, amezipata kwa bei nzuri kuliko alivyowahi kuzipata Kanku. Alipofika kona ya barabara aliweka kapu chini. Kisha akaliinua tena.

Usiku alizikunja, akaziweka kwenye rafu, akafunga mlango, akalala. Alipoamka sari zote zilikuwa mlangoni. Zilikuwa zimerundikana moja juu ya nyingine hadi usawa wa komeo, zimekaza ubao, na mlango huo hufungukia ndani.

"Bhikhabhai!" Champa, jirani yake, alikuwa nje na birika la chai. "Umejifungia na nani humo? Hata arobaini haijapoa, ungevumilia kidogo!"

"Ni nguo, Champaben."

"Zimefanyaje?"

"Zimekuja mlangoni. Siwezi kuuvuta."

Champa alifikiri kidogo. "Zote?"

"Zote."

"Basi ukilala uache wazi. Mwizi atakuibia nini wewe, huo uso?"

Bhikha alizitoa moja moja, taratibu, akazirudisha kwenye rafu, na tangu siku hiyo akawa anaacha mlango wazi. Ukiwa wazi zilitulia kama nguo nyingine. Upepo ukiufunga, zilishuka. Hazikuwa na haraka iliyopita kiasi. Zilishuka kama watu wanaojua ngazi, zikavuka sakafu, za mbele zikafika kwanza na za nyuma zikapanda juu yake. Bhikha aliuacha upepo uufunge mara kadhaa ili atazame. Ya zambarau ilikuwa chini kabisa kila mara. Kwa hiyo alijua kwamba Kanku aliufikia mlango kabla ya wote, na kwamba kuufikia hakukumsaidia kitu.

Bhikha hakutaka fedha. Alitaka mtu mmoja mwenye kalamu aseme kwa mdomo wake kwamba wanawake walikuwa ndani na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Alizifunga sari kwenye shuka akaenda ofisi ya wilaya.

Afisa wa uchunguzi alikuwa na chumba chenye mashine ya baridi. Tarishi alifunga mlango ili baridi isitoke. Shuka likafunguka, sari zikashuka mezani, zikaenda mlangoni, zikarundikana. Afisa alizitazama hadi zilipotulia.

"Umezipata wapi?"

"Kwa mlinzi wa Navnit. Zilikuwa kwenye misumari."

"Kakupa bure?"

"Tumebadilishana. Nimempa ndoo."

"Basi ni zako," alisema afisa. "Nguo zako zinapenda mlango. Serikali ifanye nini? Zingekuwa bado ziko kwenye misumari ya kiwanda, hapo tungezungumza. Nani alikutuma uziondoe?"

Hakuna aliyemtuma Bhikha. Yeye ni mtu wa jamii yake, na mtu wa jamii yake akiona nguo inabadilishwa, huibadilisha.

Wakati huo tarishi alikuwa akisukuma mlango kwa nje na chai mkononi, mlango haufunguki. "Bwana mkubwa, inapoa!" Afisa alikasirika kwa mara ya kwanza tangu uchunguzi uanze. Aliamuru uchafu ule uondolewe mara moja.

Wiki ile ile Tulsi Nayak alikuja na kipimo cha kamba. Tulsi aliongoza kundi la bhavai, mchezo wa kumwimbia na kumchekesha Mama Mungu, ambamo wanaume huvaa marinda na kuwa wanawake. Mchezo ungechezwa uwanjani mbele ya hekalu la Mama Bahuchar, ng'ambo ya barabara kutoka kwa Navnit.

"Marinda ya mwaka jana yameliwa na panya," alisema Tulsi. "Tena mwaka huu mgeni wa heshima ni Diwani Harshad. Kwa ajili yake tutacheza mchana. Bhavai mchana! Babangu angenichapa. Lakini jioni diwani ana harusi."

Bhikha alizitazama sari kwenye rafu. "Ninazo nguo," alisema. "Ila zina tabia."

"Za kung'ata?"

"Hapana. Za kwenda mlangoni."

"Uwanja hauna mlango," alisema Tulsi. "Shona."

Alizishona kama Kanku alivyopenda zishonwe. Kila sari aliiweka kwanza kwenye paji la uso, akaiomba ruhusa, akasubiri, ndipo akashika mkasi. Hakukata pale alipoweza kukunja. Pindo za mapambo alizirudisha chini ili bado zikae mguuni, zilipozoea. Vipande vilivyobaki alivisokota kuwa mikanda, hakutupa hata uzi, kwa kuwa nguo ya mtu si taka, hata kama mwenyewe ametangazwa kwamba hakuwapo. Ya zambarau hakuikata. Ikawa mtandio wa Tulsi, ambaye angecheza malkia.

Siku ya mchezo diwani alikaa kwenye kochi lililoletwa kwa mkokoteni, shingoni shada la maua ya njano, juu yake mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine. Tarumbeta ndefu za shaba zililia. Wanaume wenye masharubu yaliyofunikwa kwa poda walizunguka uwanja, marinda yakafunguka kama miavuli, watu wakapiga mbinja. Zamu ya tatu ya mzunguko, marinda hayakurudi katikati.

"Jamani," alinong'ona mchezaji mmoja, "rinda linanivuta."

"Lifuate," alisema Tulsi, mtandio umemnyookea mbele ya uso kama hatamu. "Watu wanatazama. Cheza huku unalifuata."

Wakatoka uwanjani wakicheza. Wapiga tarumbeta wakawafuata, kwa sababu kazi yao ni kufuata. Watu wakainuka wakafuata tarumbeta. Riksho zilisimama, ng'ombe akapishwa, na diwani akaja nyuma na mwavuli wake, akidhani ndiko mchezo unakoelekea. Ndiko ulikoelekea.

Lango la Navnit lilikuwa limefungwa kwa kufuli, nje. Marinda yalifika yakajikaza juu yake, moja juu ya jingine, na wanaume wakiwa ndani yake.

"Toa kiwiko chako!"

"Si changu, nguo hiyo! Tulsi, ninavunjika mbavu!"

"Pumua kwa zamu!"

Watu walicheka sana. Kisha kicheko kikapungua, kwa sababu ndani ya lango kulikuwa na mtu anagonga.

"Nani huko?" iliuliza sauti ya mwanamke. "Ndiyo chai hiyo?"

Ilikuwa zamu ya mchana. Wengine walisikika nyuma yake wakiuliza kuna nini. Ranchod alikuwa kwenye kiti chake.

"Ufunguo anao mwenye mali," alisema kabla hajaulizwa. "Mwenye mali yuko harusini. Akiwaachia wazi wanatoka kwenda kunyonyesha, kazi inalala."

Bhikha alijipenyeza hadi mbele ya diwani.

"Harshadbhai. Ulitia sahihi kwamba mlango huu ukifungwa, ndani hakuna mtu. Haya, wasikilize. Sema mbele ya watu wote hawa. Yuko mtu, au hayuko?"

Mwanamke aligonga tena. Kila mtu alisikia, na diwani alisikia pia. Aliinamisha kichwa kwa makini, kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa.

"Kiwanda kinafanya kazi," alisema. "Hii ni dalili njema sana."

Akageukia watu, akasema juu ya ajira kwa akina mama. Akamsifu Tulsi kwa kuutoa mchezo wa mababu kutoka uwanjani na kuuleta kwenye maendeleo. Alisema marinda yale yatapelekwa mji mkuu kwenye maonyesho ya utalii, kwa sababu wageni wanapenda nguo kuukuu zilizogeuzwa vitu vipya. Akamtupia Tulsi shali mabegani, kwa kuwa Tulsi hakuweza kusogea, wakapigwa picha. Kisha akatazama saa, akaenda kwenye harusi ile ile.

Watu walipiga makofi wakatawanyika. Champa alibaki akitukana ukoo wa diwani kuanzia babu, mpaka sauti ikamkauka, naye akaenda kukanda mikate ya mawele, watoto hawashibi matusi. Wachezaji walijitoa ndani ya marinda mmoja mmoja, wakarudi nyumbani na chupi tu, poda usoni, wakilalamika juu ya mbavu. Marinda yalibaki pale, yamesimama yenyewe dhidi ya lango. Mtandio wa zambarau ulikuwa chini yake, umepenyeza pindo chini ya chuma.

Bhikha aliketi chini karibu nao.

"Kaka," ilisema ile sauti ya ndani. "Wamefungua?"

"Bado."

"Nani aliyekuwa anahutubia?"

"Diwani."

"Kasema nini?"

"Kasema mna kazi."

Ndani wakacheka, si kwa furaha. Mtandio ulivutwa kidogo. Mtu alikuwa ameushika pindo.

"Laini hii. Ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Anafanya kazi wapi?"

"Hapo ulipo," alisema Bhikha.

Kengele ikalia, mashine zikaanza kunguruma, na mwanamke akasikika akiwaambia wenzake kwamba mzigo wa ng'ambo umechelewa, twendeni. Pindo likaachiwa.

Kesho yake Navnit alileta kufuli la pili, kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa uzito wa nguo ulikuwa unalegeza lile la zamani. Ranchod ndiye aliyelifunga. Kabla ya kubana, aliinua pindo za marinda kwa vidole viwili, kwa adabu, asije akazichana.