Niliyoyasema Kuhusu Filamu ya Usenge

Mimi sikusomea filamu. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Kisumu, na kila Jumamosi saa tisa alasiri niliingia sinema jinsi wengine walivyoingia kanisani. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikwenda hoteli ya Idd karibu na stendi ya mabasi, nikaagiza chai na mandazi mawili, na kabla sijakaa vizuri watu walikuwa wakiuliza, "Walter, hiyo picha iko namna gani?"

Nikawaambia. Ile ya karate iliyokuja mwezi wa tatu mwaka wa 1988, nilisema stelingi alipigana vizuri mpaka alipofungua mdomo kuongea. Kuanzia hapo nikawa upande wa maadui. Ile ya Kihindi ya masaa matatu, nilisema wale ndugu wawili waliopotezana wangetambuana mapema sana kama mmoja wao angenyamaza kuimba. Ile ya macowboy, nilisema aliyejua kazi yake ni farasi peke yake, na ndiye waliyemuua.

Zadock, tuliyefanya naye kazi kiwandani, alikuwa akicheka mpaka anashika meza. Wapo waliokuwa hawanunui tiketi kabla hawajanisikia. Abeid, mkata tiketi wa sinema, alinifuata siku moja mpaka hotelini akaniomba niwe naipa kila picha angalau wiki moja kabla sijasema. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo. Mimi ni mfupi, sura yangu ni ya kawaida, na nyumbani nilizaliwa wa sita. Sikuwa nimezoea watu kunyamaza ili nizungumze.

Samaki wa hoteli ya Idd waliletwa na mama mmoja aitwaye Perez. Aliolewa Usenge, huko pwani ya ziwa upande wa Bondo, lakini siku tatu za wiki alilala kwa dada yake, mtaa wa Otonglo nje kidogo ya Kisumu, ili auze samaki mjini. Watu walimwita Mama Oketch. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweka karai lake mlangoni, akapokea chai kutoka kwa Zuleha, mke wa Idd, akainywa amesimama, akaenda zake.

Tulijua jambo moja juu yake. Miaka miwili nyuma, wazungu na watu wa Nairobi walikwenda Usenge na kamera zao kutengeneza filamu ya wavuvi, na Mama Oketch akawekwa ndani. Akina mama wengi wa pale waliwekwa, wakaanika omena, wale dagaa wa ziwani, wakabeba maji, wakapita nyuma ya stelingi. Lakini yeye alipewa mahali pake peke yake: kijana mvuvi anakufa, naye ndiye mama wa marehemu. Zadock alikuwa akimtania, "Mama, ukishakuwa mkubwa huko Ulaya usitusahau." Naye anajibu, "Mtaiona ikija."

Ilikuja mwezi wa nane. Jumamosi hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mama Oketch alikuwa mbele yangu safu mbili, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, Zuleha pembeni yake.

Filamu yenyewe ilikuwa ndefu na haina haraka. Watu walishangilia kila walipomwona mtu wanayemjua, hata mbuzi mmoja alishangiliwa. Kisha kijana akafa, wakamlaza kwenye mkeka, na Mama Oketch akaingia.

Kwetu, mwenye msiba analia. Mwanamke aliyefiwa na mtoto anasikika mpaka mlima wa pili. Anakimbia, anaita jina, anajitupa chini. Yeye hakufanya hata moja. Alikaa kando ya maiti akaanza kumfunga shati vifungo. Alifunga cha kwanza, akafunga cha pili, akaona amekosea tundu, akavifungua, akaanza upya. Mara moja alitoa sauti ndogo, kama mtu mwenye kwikwi. Kamera haikumwachia. Ukumbi mzima ulinyamaza, na mimi nikauhisi ule ukimya jinsi mpishi anavyohisi sufuria tupu.

Nikasema, kwa sauti yangu nzito, "Mama, lia basi. Waombolezaji wana basi la kuwahi."

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka mpaka maiti akazikwa na wao bado wanacheka. Kile kitambaa cheupe mbele yangu hakikugeuka.

Jumatatu nilikuwa na kazi. Nilimlaza Zadock kwenye benchi la Idd, nikakaa pembeni yake, nikamfunga shati vifungo taratibu, nikakosea, nikarudia, nikapiga kwikwi. Watu waliingia kutoka nje kuangalia. Nilisema nimeona waigizaji wabovu wengi, lakini sijawahi kuona mtu akishindwa kulia katika nchi nzima ya Waluo. Nilisema hata fundi cherehani anamlilia mteja zaidi ya hapo. Idd alicheka mwanzoni. Halafu akarudi jikoni.

Ndani ya wiki ilienea. Timu ya Gor ikikosa bao, uwanja unapiga kwikwi. Kiwandani mtu akichelewa kazini anaulizwa kama alikuwa akifunga vifungo. Kwenye sinema kwenyewe, kila alasiri, mahali pale palipofika, watu walipaza sauti pamoja, "Mama, lia basi," na wengine walinunua tiketi kwa ajili ya hilo tu. Abeid alinipigia saluti mlangoni.

Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa peke yangu mezani, Mama Oketch akaja akaketi mbele yangu. Sikuwahi kumwona ameketi pale.

"Bwana Walter," akasema, "wameniambia ni wewe ulisema nilie."

"Ilikuwa mzaha tu, Mama. Picha ni picha."

"Najua ni picha." Alikuwa ameweka mikono yake juu ya meza. "Nataka kukuambia kitu kimoja, halafu nikuombe kingine. Oketch wangu alizama wiki tatu kabla ya wale watu kuja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ziwa lilikaa naye siku nne. Walipomleta, wanaume walimfunika, wakaniambia nisimwangalie, alikuwa ameharibika. Wakanishika. Nililia huko nje vile unavyotaka, nililia mpaka sauti ikaisha. Lakini sikumgusa. Nilikuwa nimemshonea shati la shule, wakamzika nalo mikononi mwangu."

Sikuelewa mara moja. Alikuwa anamaanisha shati lilibaki kwake.

"Wale wa kamera walitafuta mama wa kulia. Wenzangu walilia vizuri. Mimi waliponikalisha, nikaona yule kijana amelala, shati liko wazi. Nikamvisha. Basi. Walisema, endelea hivyo hivyo."

Zuleha alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Tangu picha ifike nimekuja kila siku nikimaliza kuuza samaki," Mama Oketch akasema. "Nakuja kwa ajili ya pale tu. Lakini wanapiga kelele, sioni vizuri. Inaondoka Jumatatu, sijui inapelekwa wapi. Jumamosi njoo uwaambie wanyamaze. Wewe wanakusikia. Pale tu. Baada ya hapo semeni mnavyotaka."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia pole. Nilisema kwa moyo wangu wote, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu sikuwa namdanganya. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo vile watu wa dini wanavyofanya, akachukua karai lake.

Jumamosi niliketi mahali pangu pa siku zote. Yeye alikuwa pale pale, safu mbili mbele, safari hii peke yake, karai tupu miguuni. Habari ilikuwa imeenea kwamba Walter amekuja, na watu walikuwa wakigeuka kuniangalia hata kabla ya taa kuzimwa. Zadock aliketi kulia kwangu na jamaa wanne wa kiwandani.

Kijana alipokufa, nilisogea ukingoni mwa kiti. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Wakamlaza kwenye mkeka. Mama Oketch wa kwenye pazia akaketi, akashika kifungo cha kwanza, na nyuma huko watu wakaanza kuvuta pumzi ili wapaze sauti. Nikasimama.

"Nyamazeni," nikasema.

Wakacheka. Sikuwa nimesema lolote la kuchekesha. Walicheka kwa sababu ni mimi niliyesema. Kisha wakanyamaza kweli, wote, watu zaidi ya mia tatu gizani, wakingoja neno linalofuata. Nilichotakiwa kufanya ni kuketi. Zadock alinigusa mguu, tayari anatetemeka kwa kicheko. Nikawahisi wote wameninyooshea shingo, na neno likanijia lenyewe, zuri, fupi, na sikulizuia.

"Nyamazeni," nikasema tena, "mnamchanganya. Anahesabu vifungo."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walipiga miguu sakafuni. Mtu mmoja alianza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, na ukumbi wote ukahesabu naye, wakafika sita, na yeye kule kwenye pazia alipokosea tundu wakaguna wote pamoja wakaanza tena moja. Zadock alinikumbatia.

Mama Oketch alikaa mpaka maiti alipofunikwa. Kisha akaokota karai lake, akapita kati ya magoti ya watu akiomba radhi kwa kila mmoja. Alipofika kwenye safu yangu hakuniangalia. Akatoka.

Niliketi hadi mwisho wa filamu. Siwezi kusema nililia.

Jumatatu, Idd alinitolea chai yangu nje, akaiweka juu ya kreti la soda. Nikamwuliza kuna nini. "Ndani kumejaa," akasema. Ndani kulikuwa na watu wawili. Samaki wake siku hiyo waliletwa na mwanaume mmoja kwa baiskeli, na baada ya hapo walikuwa wakiletwa na huyo huyo. Niliendelea kwenda wiki mbili hivi, chai juu ya kreti, kisha nikaanza kula kiwandani.

Mwezi wa kumi niliomba ruhusa ya siku moja nikapanda basi kwenda Usenge. Nilikuwa nimenunua kilo mbili za sukari na kitambaa cha gauni, vitu ambavyo mtu hupeleka akienda kusema samahani. Pwani kulikuwa na wanaume sita wanarekebisha nyavu. Nikawasalimu, nikawaambia natoka Kisumu, namtafuta Mama Oketch.

Wakatazamana. "Yule wa vifungo?" akauliza mmoja, aitwaye Enos, kijana mwenye meno mazuri. Kabla sijajibu, mwenzake alikuwa amelala chali juu ya nyavu, mikono kifuani, na Enos amepiga magoti anamfunga shati. Alikosea, akarudia, akapiga kwikwi. "Nyamazeni," akasema kwa sauti nzito ya kujifanya, "anahesabu."

Walifanya vizuri. Walikuwa wamefanya mara nyingi.

"Umeiona hiyo picha?" nikamwuliza.

"Hapana. Sisi hatujaiona. Tulisikia tu, kuna mtu wa Kisumu huko ndiye aliianzisha. Wewe unamjua?"

Nikasema simjui. Wakacheka, na mimi, kwa kuwa waliniangalia wakingoja, nikacheka pia.

Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya omena hakucheka. Ndiye aliyeniambia kwamba Perez hayuko. Watoto walikuwa wakimfuata njiani wakihesabu. Mume wake alivumilia kidogo, kisha akamwambia aibu hii ameileta mwenyewe kwa kwenda mbele ya kamera na msiba wa nyumba yake. Akarudi kwa watu wake, Nyakach.

Nilichukua siku nyingine, mwezi uliofuata, nikashuka Katito, huko Nyakach. Soko ni dogo. Nilimwona kabla sijavuka barabara. Alikuwa ameketi chini kwenye gunia, karibu na njia panda ya Kendu Bay, mafungu ya omena mbele yake. Amekonda. Aliponiona hakusimama wala hakugeuka.

"Mama Oketch," nikasema.

"Hapa naitwa Perez."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejifunza maneno mengi ndani ya basi na niliyasema yote, nikiwa nimechutama mbele yake kama mteja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa ukifukuza nzi.

"Ulikuwa na nafasi ya kukaa chini," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niliridhika kwamba nimemvisha, Bwana Walter. Hata kama ni kwa picha. Nilikuwa nikifumba macho naona mikono yangu inamvisha. Sasa nikifumba, nasikia mnahesabu." Alisema hivyo bila hasira, kama anayenieleza bei. "Hilo huwezi kunirudishia. Kwa hiyo sijui umekuja kufanya nini."

Nilimsogezea sukari na kitambaa. Akavitazama.

"Mpe yule," akasema, akimwonyesha mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza mboga upande wa pili. "Yeye hakujui."

Mteja alikuja akauliza bei ya omena. Perez akamjibu, akampimia, akamwongezea kiganja. Mimi nilikuwa bado nimechutama. Yule mteja aliniomba nisogee.

Nilisogea. Nilimpelekea mama wa mboga vile vitu, akanishukuru na kunibariki mpaka nikaona aibu, nikasimama barabarani kungoja gari la Kisumu. Lilikawia karibu saa nzima. Muda huo wote hakuinua macho kuangalia upande wangu, na mimi sikuangalia pengine.

Niliendelea kwenda sinema mpaka walipoifunga mwaka wa 1995. Zadock alikuwa akiniuliza bado, na nilikuwa namjibu: nzuri, au mbaya. Mwishowe akaacha kuuliza.