Mifereji Isiyofika Ukingoni

Madoa ya rangi nyekundu yalikuwa bado ukutani, juu ya mlango wa jikoni, yametawanyika kama harara kwenye shingo ya mtoto. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi upya mara kadhaa tangu siku yalipoingia, na kila mara mama mwenye nyumba alisimama kando ya mpakaji akamwonya, "Hapo paache. Hapo pana mwenyewe." Wapakaji walidhani bibi ana mambo yake. Binti yake, ambaye alikuwa mkaguzi wa hataza na mtu wa kudai sababu ya kila kitu, hakuwahi kudai sababu ya hilo.

Kazi yake ilikuwa kusoma maombi ya watu wanaosema wamevumbua kitu, kisha kutafuta duniani kote kama kitu hicho kilishawahi kuwapo. Akikipata, ombi linakufa. Asipokipata, mtu anapewa hataza yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza kitu kile bila idhini yake. Wenzake ofisini walimwita Chujio. Alikuwa amewaangusha wavumbuzi wa majiko, wa kufuli na wa mashine za kukamua alizeti, akaenda nyumbani akala akashiba. Hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na jicho.

Faili lililomponza lilifika mezani pake asubuhi ya kawaida kabisa. Lilihusu kikombe cha chuma chenye umbo la kengele, kile kinachofungwa kwenye mashine ya kupulizia rangi viwandani. Kikombe huzungushwa kwa kasi ya kutisha, rangi huingia katikati yake, hupanda kwenye kuta zake za ndani, na ikifika ukingoni hurushwa ikawa ukungu. Mwombaji alidai amechonga mifereji myembamba ndani ya kikombe kwa namna ambayo haijapata kuonekana.

Kabla hajasoma jina, aliujua mkono. Kwenye mchoro, mshale wa kuonyesha upande wa mzunguko ulikuwa na mkia uliopinda kama ndoana. Chuoni walikuwa wakimtania mwenye mkono huo kwamba mishale yake inaweza kuvua samaki. Jina lililoandikwa juu ya ombi lilikuwa refu na la kiofisi, jina ambalo hata mama yake mzazi hakulitumia. Wote walimwita Ukungu, kwa sababu alikuwa akitoka karakana ya rangi na vumbi la rangi kwenye kope, akiingia darasani kama mtu aliyeamka ndani ya wingu.

Kanuni ya ofisi ilikuwa fupi: ukimjua mwombaji, faili linahama meza. Alitakiwa ainuke, atembee mpaka meza ya jirani, alikokaa mzee mpole waliyemwita Babu Pampu, na aseme, "Huyu namfahamu." Maneno mawili tu, wala hayakuhitaji maelezo. Akajiambia kwamba atalisoma kwanza, ndipo alipeleke. Na mtu akianza kujiambia hivyo, ujue ameshaamua.

Alimpenda. Tuseme hivyo tusizunguke. Baada ya kutengana na Ukungu, aliposwa mara mbili, na mara zote mbili alitafuta dosari mpaka akaipata, maana kutafuta dosari ndiko alikosomea.

Yeye na Ukungu walikuwa wachumba. Siku ile ya madoa, Ukungu alikuja na kifuniko cha sufuria alichokichonga mifereji kwa tupa, akakifunga kwenye mota ya kutobolea, akakisimamisha katikati ya jiko la mama mkwe mtarajiwa. Alimimina rangi, akawasha. Nusu ya rangi ilikwenda kwenye karatasi na nusu ikaenda ilikotaka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, nyusi yake moja ikiwa nyekundu. Ukungu, uso wote unang'aa, akamgeukia mchumba wake. "Unaonaje?"

Naye alikuwa mgeni ofisini, kichwa kimejaa michoro ya zamani. "Mifereji ya namna hii ipo," akasema. "Si jambo jipya."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukungu alikifuta kifuniko taratibu, upande mmoja, kisha wa pili. "Nimekuuliza kama mchumba," akasema, "umenijibu kama ofisi." Mwezi uliofuata akapata kazi kwenye kiwanda cha mji mwingine. Hawakuachana rasmi. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze kusema, na kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa hodari wa kungoja.

Pingamizi la kwanza aliloliandika kwenye faili lile lilikuwa la haki, na mkaguzi yeyote angeliandika. Mifereji kwenye vikombe vya namna hii ilikuwapo tangu zamani; mwombaji aeleze, kwa nini mifereji yake, ambayo inakoma kabla ya kufika ukingoni, ihesabiwe kuwa uvumbuzi? Fundi yeyote si angeweza kuifupisha?

Jibu lilikuja kupitia kwa wakala wa mwombaji, limefungwa kwenye lugha ya wakala, ngumu kama mkate wa juzi. Lakini katikati palikuwa na aya moja ambayo wakala asingeweza kuitunga. Ilisema kwamba rangi ni kitu chenye aibu. Ukiisukuma inajikunja, ukiipa nafasi inanyooka. Mkaguzi alikwenda kuisoma nje, kwenye benchi la walinzi, akaisoma tena mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna msiba.

Angeweza kupitisha ombi pale pale. Badala yake akaandika pingamizi la pili. Mwonja asali haonji mara moja. Jibu likaja, na ndani yake aya nyingine. Akaandika la tatu, jembamba kuliko la pili, kuhusu neno ambalo hata mwanafunzi angelielewa. Alijua anachofanya. Kwenye faili palikuwa na taarifa kwamba kiwanda kimoja kiko tayari kukitengeneza kikombe hataza ikitoka. Kikichoka kungoja, kitachukua cha mtu mwingine, na kazi ya Ukungu itabaki kuwa karatasi. Alijua hayo yote, na bado kila posta ilipoingia moyo wake ulimtangulia mlangoni.

"Mwanangu," mama yake akamwambia jioni moja, "kazi gani hii inayomfanya mtu aichekee sufuria?"

Akamweleza, maana mama yake hakuwa mtu wa kufichwa. Mama alisikiliza huku akichambua mchele, hainui macho.

"Na yeye anajua ni wewe?"

"Barua zina sahihi yangu. Lakini wakala ndiye anayezipokea. Labda anamsomea juu juu tu."

"Mm." Mama akatupa punje mbovu. "Kwa hiyo umemfungia mtu nje ya nyumba yake mwenyewe, ili umsikie akibisha hodi."

Usiku ule alilala vibaya, na asubuhi, wakala alipopiga simu kwa sauti ya mtu aliyemeza ndimu, alikuwa hajapata la kujitetea.

"Mheshimiwa, samahani. Mteja wangu amejibu kila ulichouliza. Kimebaki nini? Au aje akuimbie?"

"Alete kikombe," alijisikia akisema. "Nikione kinazunguka."

Haikuwa kawaida, lakini sheria iliruhusu.

Walikuja siku ya jua kali, wakaweka vifaa kwenye ua wa nyuma ya ofisi, mahali pa kuegeshea magari. Babu Pampu aliombwa awe shahidi, akasema atashuka akimaliza chai. Wakala aliangalia huku na huko, akagundua hakuna soketi karibu, akaondoka kutafuta waya mrefu wa umeme, akilalamika mpaka alipopinda kona. Wakabaki wawili, kompresa katikati yao.

Ukungu alikuwa ameingia mvi pembeni. Kope zilikuwa zile zile.

"Shikamoo, ofisi," akasema.

"Marahaba," akajibu kabla hajafikiri, na wote wawili wakacheka kwa aibu, kama watu waliogongana mlangoni. Kisha kicheko kikaisha.

"Ungeweza kubadili dai la kwanza la ombi lako," akasema mkaguzi, akishika njia aliyoizoea. "Ungeongeza maneno machache tu kuhusu kina cha mfereji, ningekosa la kuuliza. Wakala hakukuambia?"

"Aliniambia. Tangu barua ya pili."

"Sasa kwa nini hukubadili?"

"Bi Kwanini." Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu chuoni. "Ningebadili, ungenipa hataza. Ukishanipa hataza, ungeniandikia nini tena?"

Alitafuta mahali pa kukaa, akapata ndoo ya rangi. Miezi yote ile alikuwa amejiona mwizi anayekula peke yake gizani, kumbe mwenzake alikuwa upande wa pili wa sahani. Furaha ilimjaa, na nyuma yake hofu, maana sasa walikuwa wawili wa kukichelewesha kikombe na hapakuwa na wa kukitetea.

Ukungu alikuwa amekitoa kwenye kitambaa. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokidhania, kinaenea kiganjani. Alimwekea mkononi. Ndani yake mifereji ilianzia chini, ikapanda myembamba kama nywele, ikakoma. Kati ya mwisho wake na ukingo palikuwa na ukanda mtupu, laini, ambao kidole kiliupita bila kuhisi kitu.

"Siku ile ulisema kweli," Ukungu akasema. "Ile mifereji yangu ilikuwa ya zamani. Niliichukia kweli yako miaka mingi, halafu nikaanza kuifanyia kazi. Kila fundi anairefusha ifike mwisho. Nani anachimba mfereji usiofika? Lakini ukifika, rangi inatoka kwa mistari, na bati likikauka unaiona. Ukikoma kabla, rangi inapata mahali pa kukutana tena, ndipo iondoke."

Alitaka kusema samahani. Maneno yalikuwa yameshapanda kooni wakala alipotokea kwenye kona akiburuta waya, na nyuma yake Babu Pampu akijifuta mdomo.

Kikombe kikafungwa. Kikaanza kwa mvumo, kikapanda mpaka sauti ikawa nyembamba ya kuuma meno, kisha isiwe sauti tena. Ukungu akafungua rangi. Hewa mbele ya kikombe ikawa nyekundu, si matone wala mistari, wekundu tu uliotulia juu ya bati jeupe kana kwamba ulikuwa wa bati tangu hapo. Upepo mdogo ukapita uani, ukamletea mkaguzi rangi kidogo kwenye mkono wa blauzi. Babu Pampu alisogea, akainama, akalitazama bati kwa upande, akanyoosha kidole akakirudisha.

"Laini," akasema.

Mkaguzi akainuka kwenye ndoo. Alijua kwamba akisema, barua zimekwisha. Alijua pia kwamba asiposema, ataandika nyingine, na nyingine, mpaka kiwanda kichoke.

"Babu," akasema, "huyu namfahamu. Faili hili lilitakiwa kuwa lako tangu mwanzo."

"Unamfahamu!" Wakala aliachia waya. "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kikombe."

Babu Pampu alimtazama yeye, akamtazama Ukungu, akalitazama bati. Alikuwa ameishi duniani muda wa kutosha. "Basi nitalisoma upya," akasema. "Mimi si mwepesi, lakini sizungushi watu."

Mkuu wa kitengo alimwita siku ile ile, akamweleza kwamba amechezea shilingi chooni na kwamba karipio litaingia kwenye kumbukumbu zake. Alikubali yote. Alipotoka, akamkuta Ukungu akipakia kompresa kwenye gari la wakala. Wakala alikuwa tayari ameshika usukani, uso umekunjwa, injini inanguruma.

"Ule ukuta," Ukungu akasema bila kumtazama, "mliupaka?"

"Mama amekataa."

Akatikisa kichwa kukubali, akafunga buti. Hakuna aliyesema lini, wala wapi. Gari likaondoka.

Wiki zikapita. Posta iliingia na kutoka, na hakuna bahasha iliyokuwa yake. Akipita kando ya meza ya Babu Pampu alitazama dirishani, asije akaona faili limefika wapi. Alimkosa Ukungu kuliko miaka yote aliyomkosa, maana zamani alikosa mtu wa zamani, na sasa alimkosa mtu mwenye mvi aliyemwona kwa macho. Blauzi hakuifua. Ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na mama yake, aliyekuwa hodari wa kukusanya nguo chafu, aliipita kila Jumapili kana kwamba haioni.

Jumamosi moja mchana walikuwa jikoni, mama anamenya viazi, yeye anaosha vyombo. Lango la nje likalia bawaba. Nyayo zikaingia uani taratibu, zikapita pipa la maji, zikaukaribia mlango wa jikoni, zikakoma. Hodi haikupigwa.

Mama akaacha kisu. Alifungua mdomo, na binti yake akainua kidole chenye povu: ngoja.

Nje mtu alikuwa akipumua kama aliyebeba kitu kizito kutoka mbali. Angeweza kumuuliza ni nani. Angeweza kumuuliza kwa nini habishi hodi, amefuata nini, na kwa nini leo. Juu ya mlango madoa yalikuwa mahali pake.

Hakuuliza. Akajifuta mikono, akashika komeo.