Chipu Zilizokoroma

"Zako hizi," Thilo aliniambia, akanimwagia chipu za elektroniki kiganjani. Kila moja ilikuwa na miguu minane, kama buibui aliyekauka. Ningezikataa siku ile, huenda leo ningekunywa kahawa yangu kwa amani.

Turudi nyuma kidogo. Berlin, mtaa wa Neukölln, chumba cha chini katika nyumba ya shangazi yake Thilo, palipohifadhiwa viazi pamoja na ndoto zetu. Tulikuwa tunaunda sinthesaiza, kinanda cha umeme, kwa mikono yetu. Thilo alichora saketi na kulehemu. Mimi, ambaye hesabu zilinikimbia tangu sekondari, nilikuwa masikio. Chipu za kukuza sauti hatukuzilehemu. Tulizichomeka kwenye soketi ili ziweze kung'oka. Basi nikachomeka, nikasikiliza, nikang'oa, majira yote ya baridi. Mwisho nikachagua za kale, zilizotoka kwenye mitambo mibovu. Zilikuwa nzito. Ukizisukuma zilishindwa kukimbizana na sauti, zikakoroma, na ndani ya mkoromo ule mlikuwa na kitu kama mtu anayezuia kilio.

"Lutz, bwana," Thilo akaniambia, "umetuletea babu mwenye pumu."

"Babu anaimba. Wewe unataka karani."

"Karatasi ya kiwanda inasema hizi mpya hazina hata chembe ya kelele."

"Basi iambie karatasi ipande jukwaani."

Akacheka. Nikadhani yamekwisha.

Bi Brandhorst, mwenye studio, alikuja kutusikiliza. Akitupenda, santuri ingetoka na majina yetu mawili. Thilo akabonyeza. Sauti ikatoka safi, nyembamba, kama sakafu ya hospitali iliyotoka kupigwa deki. Nikajua palepale: alikuwa amezibadilisha asubuhi.

Bi Brandhorst akaanza kufunga vifungo vya koti. "Chipu kachagua nani?"

"Lutz ndiye masikio yetu," Thilo akajibu, bila kupepesa macho.

"Si mimi," nikasema. "Zangu zilikuwa nyingine."

Mama yule akanitazama kama anayemtazama mtoto mwenye jamu mdomoni anayekana chupa. "Masikio ya namna hiyo, kijana, yanafaa kushikilia kofia."

Thilo akacheka kwa nguvu.

Alipoondoka mgeni, akaiinamia mashine, akazing'oa zile mpya, akanipa. "Zako hizi." Zangu za kale zilibaki mfukoni mwake.

Sikuzitupa. Nilizitia kwenye redio yangu ya jikoni, kwenye amplifaya yake niliyoiunda mwenyewe kwa kufuata mchoro wa dukani. Karatasi ya kiwanda haikudanganya: haziongezi kitu, hazipunguzi.

Mwaka uliofuata, nikipaka mkate siagi, nikamsikia mtangazaji akiisifu santuri mpya kutoka kwa Bi Brandhorst, kazi ya Thilo Hasselbrink peke yake, kijana mwenye masikio ya ajabu. Kisha ikaanza. Mkoromo wangu, wote, na kile kilio kinachozuiwa.

Ulifika jikoni safi kabisa. Sikukosa hata chembe.