Jezi Isiyofuliwa

Wakubwa wa chama cha voliboli hawakumuua Nyawira kwa mikono yao, hilo Ngatia alilikubali. Lakini ukimpa nafasi pale kwenye baraza la duka, sokoni Chaka, angekueleza jinsi walivyomla polepole. Mkewe alichezea timu ya kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kangema, wasichana waliochuma chai asubuhi na kuruka wavuni jioni. Wakaenda ng'ambo, wakarudi na kombe la Afrika. Kombe likabaki na wakubwa. Marupurupu yakabaki na wakubwa. Hata jezi walitaka zirudishwe, eti ni mali ya chama.

Nyawira hakuirudisha yake. Aliivua imelowa jasho la fainali, wenzake wote wakaandika majina yao mgongoni kwa kalamu, akaificha chini ya sweta. Kufika nyumbani akaapa hataifua mpaka chama kiwalipe. Na huyu ni mwanamke aliyesugua sufuria mpaka ukajiona uso. Miaka ikaenda, jezi nyeupe ikageuka rangi ya chai ya maziwa kwapani, imelala sandukuni. Chama hakikulipa. Nyawira akafa kwa ugonjwa wa kifua, kiapo chake kikiwa bado kinadai.

Jamal, muuza mitumba kutoka Majengo kule Nyeri mjini, alikuwa na kibanda soko la Chaka na Nyawira alikuwa mteja wake. Alipokuja kutoa pole akaonyeshwa jezi, akaipiga picha kwa simu. Baadaye akarudi na habari: kuna mzungu anayekusanya vitu vya michezo, na bei aliyotaja ingenunua ng'ombe wawili wa maziwa. Ngatia alicheka kicheko kibaya. Wakubwa walikuwa wamemwambia mkewe agombanie kitu cha maana, si kitambaa.

Alikataa kuuza, akakataa tena. Kilichomshinda ni kaburi. Mvua ilikuwa imedidimiza udongo, msalaba wa mbao umeinama, na mbuzi wa jirani wamepafanya njia. Alitaka kulijengea simiti na hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Akajiambia Nyawira mwenyewe angechagua kulala pakavu. Akamwita Jamal aje Jumamosi.

Beth, dada mkubwa wa Nyawira aliyekaa ng'ambo ya ua, alipopata habari hakumkataza. Alimkumbusha tu kwamba kwao nguo ya marehemu haitoki bomani ikiwa chafu. Neno hilo likamchoma Ngatia. Mke wake apelekwe Ulaya akinuka kwapa, waseme watu wa Nyeri hawajui sabuni?

Jamal hakuwa amesema jezi isifuliwe. Nani angewaza kumwonya Ngatia asifue? Mkono wake ulijua jembe na panga. Lakini siku hiyo alichota maji mwenyewe, akaloweka jezi kwa sabuni ya mche, akasugua kwapa, akatia jiki ya kutoa madoa, halafu bluu ya kung'arisha, kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanyia shuka. Maji yakatoka rangi ya udongo. Alipoona wino unaachia alishtuka, akaivuta haraka, lakini jiki haingoji mtu. Majina yakaondoka pamoja na madoa. Akajituliza kwamba namba saba nyekundu ingalipo. Akaianika, akaipiga pasi ya makaa, akaikunja vizuri.

Jamal akaikunjua. Akaigeuza mgongo, akaipeleka puani.

"Mzee," alisema, "nani amefua hii?"

"Ni mimi."

"Sasa kwa nini, mzee wangu?"

"Ungetaka nimtoe mke wangu akiwa mchafu?"

Jamal akaketi kwenye kigoda. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayefunga kidonda, kwamba jasho ndilo lililokuwa likinunuliwa, jasho na yale majina. Sasa hii ni kama zile nguo za mitumba anazomwaga chini kila siku ya soko. Ngatia akaanza: wale wakubwa, wangelipa watu, hii nguo ingefuliwa zamani na mwenyewe. Jamal alimwacha amalize.

"Lakini wale wachezaji wenzake wako," Jamal alisema. "Tuwatafute. Waandike tena, hata kama si bei ile."

Ngatia akatafuta jina la kuanzia. Nyawira alikuwa na kawaida ya kuitandaza jezi magotini na kupitisha kidole jina kwa jina: huyu alikuwa mvivu wa kuamka, huyu aliimba kwa basi mpaka dereva akamwomba anyamaze, huyu aliolewa mbali. Na yeye Ngatia, pale pale kando yake, alikuwa akiwatukana wakubwa, akisikiliza kwa sikio moja.

"Yeye ndiye alikuwa anawajua," alisema.

Jamal alipoondoka, Ngatia aliiweka jezi usoni. Ilinukia sabuni na makaa. Beth akapita kwenye ua, akaiona imetakata, akamsifu shemeji yake kwa jina la mwanawe: Baba Kinyua ameweza, kumbe mikono anayo.

"Ni wale watu wa chama," Ngatia alimwambia.

Beth akaitikia kwamba ndio, ni wao, watalipwa na Mungu. Watu wote hapo walikuwa wamezoea kumwitikia hivyo. Akaendelea na shughuli zake, naye Ngatia akabaki amesimama mlangoni na jezi mkononi, akijaribu kukumbuka hata jina moja.