Chumvi Chini ya Kisima

"Mwanao akishamaliza kupima visima vyetu, atarudi kutuambia alichokiona?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, Mama Miche, siku mwanangu alipotumbukiza vyombo vyake kisimani kwake. Jina hilo tulimpa kwa sababu aliotesha miche ya miti na maua akaiuza, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Atarudi, Mungu akipenda," nikamjibu. "Yule nimemlea mwenyewe."

Mwanangu alikuwa anasomea udaktari, ila si wa watu.

"Daktari wa maji!" Mama Miche alikuwa akinitania. "Kwani maji yanaumwa nini, shoga?"

Mvua zikapungua, visima vyetu vyote viwili vikashuka. Mama Miche akaita wachimbaji wateremke zaidi. Nilitaka wakitoka kwake waje kwangu, lakini mwanangu akapiga simu: "Mama, usichimbe. Nitakuletea tangi, uwe unanunua maji." Nikaona ananihurumia, mjane nisihangaike. Nikamshukuru Mungu kwa mtoto mwenye huruma, nikaishia hapo. Sikuuliza kwa nini.

Kwa Mama Miche maji yalipatikana, tena tele. Akamwagilia. Ncha za majani zikaanza kuungua, kisha miche ikafa mstari kwa mstari. Akadhani ni wadudu. Nilikwenda kwake, tukapiga magoti katikati ya vikopo vya miche, tukaomba pamoja.

Juzi mwanangu akaja na kitabu cha utafiti wake, kina jalada gumu, jina lake na la marehemu baba yake yaking'aa kwa rangi ya dhahabu. Mama Miche akaja kumpongeza. Alimletea mche kwenye kikopo, katika ile michache iliyopona, akauweka juu ya kitabu kwa sababu meza yangu ni ndogo.

"Haya, daktari. Maji yanaumwa nini?"

Mwanangu akacheka, akachukua karatasi akamchorea. "Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, mama mdogo, kama mafuta juu ya mchuzi. Hali ya hewa ikibadilika, mvua zikawa haba, yale ya juu yanakonda. Ukichimba zaidi unaigusa chumvi."

Mama Miche akainama juu ya mchoro.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namwagilia chumvi."

Mwanangu akaiweka kalamu mezani.

"Ulijua lini?"

"Nilipopima. Lakini matokeo yalikuwa hayajachapishwa, mama mdogo. Kabla ya hapo huwa hatuyatoi."

"Hukumwambia mtu yeyote?"

Alinitazama mimi, halafu akatazama sakafu. Mama Miche akageuza shingo polepole, akaangalia dirishani. Tangi langu lilikuwa palepale uani, linaonekana lote.

"Kumbe ndiyo maana wewe hukuchimba."

"Sikujua," nikasema. Nilikuwa nasema kweli, na Mungu anajua, lakini hata masikioni mwangu ilisikika kama uongo. Simu nilipokea mimi. Tangi nilipokea mimi. Na kwenye ile miche nilipiga magoti pamoja naye, nikiomba wadudu waondoke.

Uso ulinichoma. Nikatamani anitukane.

Mama Miche akakiinua kikopo chake. Kilikuwa kimeacha duara la maji juu ya jalada. Akalifuta kwa upindo wa nguo yake, taratibu, mpaka pakakauka. Kisha akaukumbatia mche wake, akatoka.